Kofia Imerudi na Jasho

Kila baada ya Idd, kofia huanza kurudi. Hazirudi Ramadhani, wakati watu wananibembeleza niwatangulize wao. Hazirudi kumi la mwisho, ambapo kila mtu anataka mzigo wake upande boti ya kesho. Zinarudi sikukuu ikishapita, na kila moja na sababu yake: inabana, inapwaya, rangi siyo, mshono umeachia, "si ile niliyoiona pichani." Sababu nyingine ni za kweli na hizo sina ugomvi nazo. Ninaziandikia zile za uongo, kwa sababu nimechoka kuona wauzaji wenzangu wakiambiwa kwamba biashara ya mtandaoni ndivyo ilivyo, mteja akija na madai mpe pesa zake uokoe jina lako.

Mimi niko Wete. Nauza kofia za kushonwa kwa mkono, na mikeka kidogo, kwa WhatsApp na Instagram. Kofia nazikusanya kwa wanawake wa huku Kaskazini Pemba, wengine Kojani, wengine Konde na Micheweni. Kazi yangu ni kupiga picha, kutafuta mnunuzi, kufunga mzigo na kuufikisha. Wanunuzi wako Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, na wapo Wapemba wengi wa Muscat ambao bila kofia ya nyumbani sikukuu kwao haijakamilika.

Anayeirudisha kofia mara nyingi hajui imetoka wapi. Kitambaa cheupe cha pamba hukatwa duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Mchoro hupigwa kwa penseli. Halafu mshonaji hukaa na sindano yake, akatoboa kitobo, akakizungushia uzi mpaka kikaze, akahamia cha pili, cha tatu, mamia kwa mamia, bila kuruka wala kupindisha mstari. Hiyo ni kazi ya jioni akirudi shamba, au ya usiku watoto wakishalala. Kofia yenye kazi ya karibu karibu huchukua miezi. Ikimalizika hufuliwa, hutiwa wanga na kuvikwa kwenye faruma, kibao cha kuwambia kofia, ili isimame. Kofia ya namna hiyo nauza kuanzia shilingi 120,000, na zenye kazi nyingi zaidi hupita 200,000. Mshonaji nampa sehemu ya fedha ninapoichukua na iliyobaki ikishauzwa. Kwa hiyo mnunuzi anapodai arudishiwe pesa zake zote, sehemu ya pesa hizo imeshakuwa mchele na sare za skuli kwenye nyumba ambayo yeye hataiona maisha yake. Siwezi kwenda kwa mama huyo kumwambia nirudishie, kuna mtu Dar amebadili mawazo.

Na nauli nayo. Kofia iliyouzwa Dar hutoka hapa kwa gari mpaka Mkoani, ikapanda boti kwenda Unguja, ikapokelewa bandarini Malindi, ikapandishwa boti nyingine kuvuka. Ikirudi, inapita njia ile ile kinyumenyume. Kila mkono inaopitia unalipwa. Aliyezoea kurudisha nguo kwenye duka la mtaani kwao hana habari kwamba bahari mbili zimevukwa kwa ajili ya "sijaipenda tu."

Ninaposema kofia imerudi na jasho, nina maana jasho hasa. Ilikuwa ya bwana mmoja aliyeniandikia siku chache baada ya Idd kwamba kofia inambana, hajaivaa hata mara moja, ameijaribu tu mbele ya kioo. Nikamwambia airudishe. Ilipofika niliigeuza ndani kabla ya kufanya jambo lolote. Kwenye ukingo wa ndani, pale unapokaa juu ya paji la uso, palikuwa na mstari wa rangi ya chai uliozunguka kichwa kizima. Wanga umelegea. Kofia iliyotoka kwenye faruma ukiiweka mezani inasimama yenyewe, hii iliinama upande mmoja. Ilikuwa na mkunjo katikati, wa kofia iliyokunjwa ikatiwa mfukoni. Na ilinuka udi, tena udi mzuri. Mtu hajifukizi udi kwa ajili ya kioo. Nilimwandikia kwa adabu nikamweleza nilichokiona. Akajibu, "Sasa dada, mteja wako unamwita mwongo?"

Swali hilo ndilo silaha kubwa ya madai ya aina hii. Linageuza kesi papo hapo. Dakika moja iliyopita tulikuwa tunazungumza habari ya jasho kwenye kitambaa. Sasa tunazungumza adabu yangu. Na kwetu, mtu aliyelelewa vizuri hamwambii mtu mzima kuwa anasema uongo. Wanaodai wanalijua hilo vizuri.

Lakini kisa kilichoniuma kuliko vyote ni cha kofia iliyobadilishwa. Mnunuzi mwingine alisema mshono umeachia pembeni. Nikamwambia airudishe niitazame, mshonaji atairekebisha au nitampa nyingine. Kilichorudi hakikuwa kofia yangu. Ilikuwa kofia ya mashine, mchoro wake unafanana kwa mbali na wetu, za aina hiyo zinauzwa kila mji kwa bei ndogo. Kwa picha ya simu unaweza kudanganyika, mkononi huwezi. Ya mashine ukiigeuza ndani, uzi wa chini umelala kwa mstari ulionyooka na kila ua ni pacha wa mwenziwe. Ukiinyanyua kwenye mwanga, kile kinachoonekana kama kitobo ni duara tu lililodariziwa juu ya kitambaa kizima. Ya mkono ukiinyanyua mwanga unapenya, kitobo kwa kitobo, ndiyo maana mtu anayevaa kofia hii kichwa hakimchemki hata jua la saa saba. Na ukitazama kwa utulivu utaona mahali uzi ulipokwisha, mshonaji akafunga fundo akaanza mwingine. Mimi mafundo ya washonaji wangu nayajua kama wewe unavyojua mwandiko wa mama yako.

Nilimpelekea picha za kofia mbili, iliyotoka na iliyorudi. "Hiyo ndiyo uliyonipa, sina nyingine." Nikampelekea video ya siku niliyofunga mzigo. Hakujibu. Pesa sikumrudishia, na sijutii. Kilichofuata ni kwamba aliniposti kwenye grupu moja kubwa la kufichua matapeli, namba yangu ya simu na picha yangu juu, na picha ya ile kofia ya mashine chini yake. Nilimtafuta admini, nikampa ushahidi wote, na baada ya siku kadhaa posti ikatolewa. Lakini mamia waliokuwa wameshaiona hawakuambiwa kwamba imetolewa, wala kwa nini. Mmoja wa wateja wangu wa zamani wa Tanga alinipigia kuniuliza kama ni kweli. Nilimshukuru kwa kuuliza. Wangapi hawakuuliza?

Kwa mnunuzi wa hapa hapa visiwani kuna jambo jingine tena, nalo ni muhali, ile haya ya kumkatalia mtu unayejuana naye. Unguja na Pemba mnunuzi si mgeni; ni jirani wa shangazi yako au alisoma chuoni na kaka yako. Ukikataa dai lake, jioni simu inaingia kwa mama: "Mwanao kanidhulumu mtoto wangu." Mama hataki kusikia habari za wanga na faruma. Anataka yaishe. Nawajua kina dada wauza madira na mashungi ambao wamerudisha pesa za nguo iliyokwenda harusini ikarudi na alama ya kipodozi shingoni, kwa sababu tu aliyeivaa ni mkwe wa ami yao. Wanarudisha pesa, wanaifua nguo, wanaiuza nusu bei, na kesho yake yule yule anaagiza nyingine. Hasara ya namna hiyo haiandikwi popote, na wenye mitaji ya kukopa kwenye vikundi vya kuweka na kukopa ndio inaowamaliza.

Wapo pia wanaolipa kwa simu, wakapokea mzigo, kisha wakapiga huduma kwa wateja kudai walikosea namba, pesa irejeshwe. Utaratibu wa kurejesha muamala uliwekwa kwa ajili ya aliyekosea kweli, na ni utaratibu mzuri. Ndiyo maana kila mazungumzo ya oda nayaweka, pamoja na ujumbe wa malipo na risiti ya boti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wanaonidai hupenda kunitajia dini, na mimi nafurahi, kwa sababu kwenye dini ndiko suala hili lilikopangwa vizuri kuliko kokote nilikosoma. Hunitajia hadithi ya mwenye kumkubalia ndugu yake kuvunja biashara aliyoijutia, kwamba Mwenyezi Mungu atamsamehe makosa yake Siku ya Kiyama. Ni kweli, na ni neno zito. Lakini hiyo ni hisani. Mnunuzi anakuja na kusema: nimejuta, sina haja nayo tena, naomba unisaidie. Muuzaji anakubali kwa radhi yake na analipwa na Mola wake. Haki ya kurudisha kwa sababu ya kasoro ni mlango mwingine kabisa, khiyari ya aibu, na mashekhe wetu wa madhehebu ya Shafii wameuwekea masharti. Kasoro iwe ilikuwepo kabla kitu hakijamfikia mnunuzi. Akishaiona adai haraka. Akiiona kisha akaendelea kukitumia, ameridhika nacho, na haki ya kurudisha imeanguka. Na kitu kikipata dosari mpya mikononi mwake, hawezi tena kumlazimisha muuzaji akipokee kama kilivyo. Tena mzigo wa ushahidi uko kwa anayedai. Anayeingia kwa mlango wa kasoro huku moyoni anajua hakuna kasoro, ameniibia mara mbili: kanyang'anya pesa, na kanikosesha thawabu ambayo ningeipata lau angeniomba kwa ukweli.

Hadithi aliyoipokea Hakim bin Hizam inawataja wote wawili, muuzaji na mnunuzi: wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, wakificha na wakasema uongo, baraka huondolewa. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya muuzaji peke yake.

Wengine hawanitajii dini, hunitajia Ulaya. "Ulaya unarudisha hata bila sababu." Nao hawakukosea. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2011 kuhusu haki za watumiaji, unampa aliyenunua kwa mbali siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu yoyote. Ila wasomaji wa WhatsApp huishia hapo, na maelekezo yale yanaendelea. Kitu kilichotengenezwa kwa kipimo cha mteja hakimo kwenye haki hiyo. Mnunuzi aliyekitumia kitu kupita kiasi cha kukikagua hubeba thamani iliyopungua. Na gharama ya kukirudisha kwa kawaida ni yake. Maana yake, jaribu kofia mbele ya kioo. Kwenda nayo Idd ni jambo jingine. Wataalamu wa sheria wa Brussels na mashekhe wetu wa Pemba wangekaa barazani pamoja, kwenye hili wangemaliza kahawa bila ugomvi.

Masoko makubwa ya mtandaoni nayo yana kilio hiki hiki. Kule eBay muuzaji anaweza kuandika kwamba harudishi pesa mteja akibadili mawazo, lakini mnunuzi akidai kitu si kama kilivyoelezwa, dhamana ya soko inamkinga: ana siku 30 tangu kukipokea kufungua dai, muuzaji ana siku tatu za kazi kulishughulikia, na nauli ya kurudisha inamwangukia muuzaji. Ni kinga nzuri kwa aliyetapeliwa. Lakini inamfundisha asiyekuwa mkweli maneno ya kuandika. Asiyeipenda rangi anajua akisema hivyo atalipa nauli mwenyewe, basi anaandika "si kama ilivyoelezwa." Na tangu mwaka 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumpa mnunuzi alama mbaya, wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi kwa wanunuzi waliosema kweli, soko likawafungia mlango wote. Sisi wa WhatsApp hatuna soko la kutuamua, tuna maneno yetu na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani. Hapa Zanzibar ipo pia Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, inayomlinda mtumiaji. Namtakia mtumiaji ulinzi huo kwa dhati. Lakini ninayemdai mtu wa Mombasa kofia ya 150,000 sheha wangu hafiki kule, na gharama ya kumfuata inaishinda kofia.

Sitaki mtu asome hapa akadhani wanunuzi ndio wabaya na sisi ni watakatifu. Wapo wauzaji wanaochukua picha za kofia za mkono, zikiwemo zangu, na kupeleka ya mashine. Wapo wanaopiga picha chini ya taa ya njano, kitambaa cha rangi ya malai kikaonekana cheupe. Wapo wanaopokea pesa na kuzima simu. Mnunuzi aliyeumwa na hao anakuja kwangu ameshakunja ngumi, na simlaumu. Kila kofia feki inayouzwa kwa jina la Pemba inampa mwongo wa upande wa pili mahali pa kusimama.

Kwa hiyo nimeweka masharti, na nayaeleza kabla pesa haijatumwa, kwa maandishi na kwa sauti, kwa kuwa wapo wasiopenda kusoma. Kofia naipiga picha mchana, nje, kivulini, utepe wa kupimia ukiwa umeizunguka kwa ndani ili inchi zisomeke. Mnunuzi naye ananitumia picha ya utepe kichwani mwake, juu kidogo ya masikio. Akisema tu "mimi navaa 22" hainitoshi, kwa sababu kofia ya pamba iliyofuliwa kwa maji ya moto hupungua na namba aliyoizoea yaweza kuwa ya kofia iliyokwisha kujikunja. Narekodi video ya kufunga mzigo bila kukata, kuanzia mafundo ya ndani mpaka gundi ya bahasha. Na mbele kabisa ya kofia, juu ya paji, natunga kipande cha karatasi kwa uzi mwekundu. Unaweza kuijaribu kofia nacho, kujitazama, kumuuliza mkeo. Huwezi kwenda nacho msikitini. Uzi ukikatwa, kofia ni yako.

Muda wa kurudisha ni siku tatu tangu kuupokea mzigo. Siku hizo sikuziokota hewani. Hibban bin Munqidh alikuwa akipunjwa katika kuuza na kununua, Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia anapofanya biashara aseme hakuna kuhadaana, na akapewa hiari ya siku tatu. Wateja wangu wengi wakielezwa hivyo huridhika haraka kuliko wanapoona orodha ya kanuni.

Uzi mwekundu umekata maneno mengi kuliko nilivyotarajia. Mmoja alinirudishia kofia, uzi umeshonwa upya kwa rangi ya waridi. Sikugombana naye, nilimpelekea picha mbili na kumwambia kofia yake ipo, akiitaka nitamrudishia, na nauli iko juu yake. Aliitaka. Kwa muhali nako nimepata njia: simjibu mama wa mtu kwa simu. Namkaribisha nyumbani, namwekea kofia mkononi, namwomba aigeuze mwenyewe. Watu wazima wa Pemba wamekaa na kofia maisha yao yote. Wakiona ule mstari wa jasho hawahitaji maelezo, na wengi wao huondoka wakiwa upande wangu, wengine wakasema watazungumza na kijana wao.

Wauzaji wenzangu mnaoogopa kuwekewa alama mbaya, naomba msirudishe pesa kwa woga. Ukirudisha kwa huruma, mwambie mtu wazi kwamba ni huruma na kwamba kitu hakikuwa na kasoro; andika hivyo, aone. Kwa kunyamaza, unamthibitishia kuwa uongo ndio ulioleta pesa, na atakwenda nao kwa dada anayefuata, ambaye huenda mtaji wake wote ni kofia tatu.

Nawe mnunuzi, ikikubana niambie inabana. Ikiwa umeiona nyingine ukaipenda zaidi, niambie hivyo hivyo. Hela zimekubana kabla ya mwisho wa mwezi na ungependa kuirudisha, sema. Nimewahi kupokea kofia kwa sababu hiyo na nauli tukagawana. Maagizo ya Idd nafunga tarehe 15 Ramadhani, ili kofia ikifika Dar au Mombasa ibaki nafasi ya kuijaribu, kuirudisha na kupata yenye kipimo chako kabla mwezi haujaandama.